Ukuta wa Bwana Timazi

Usiku ule, ndugu yangu unayenisikiliza, nililala mapema, nikiwa na aibu ambayo sikuwa nimemwambia mtu. Kaa vizuri nikueleze polepole. Ndoto hii haina haraka, na ina faida hata kwa mtu ambaye hajawahi kushika nyundo.

Mimi ni fundi wa mawe. Kazi hii nilifunzwa na babu yangu mzaa mama, naye alifunzwa na Mskoti mmoja aliyekuja huku kwetu milimani na misheni, zamani, kujenga zahanati. Jina lake halisi wazee walishindwa kulitamka, wakamwita Bwana Timazi, kwa sababu timazi yake, ule uzi wenye risasi nzito wa kupimia kama ukuta umesimama wima, haikumtoka mkononi. Sisemi kwamba wote waliokuja pamoja naye walikuwa wema. Babu alinisimulia na yasiyopendeza. Lakini huyu, alisema, alikula githeri, ule mchanganyiko wa mahindi na maharagwe, chungu kimoja na mafundi wake, na fundi akikosea, alimshika mkono akamwonyesha. Alizikwa papo hapo misheni. Zahanati aliyoijenga na babu inatibu watu mpaka leo.

Miaka mitatu iliyopita lori lilirudi nyuma vibaya likaigonga zahanati, pembe moja ikaanguka. Kamati ya zahanati ikaniita mimi, mjukuu wa fundi. Nikaijenga ile pembe, nikajivuna. Mvua zikaja mara chache tu, mawe yangu yakaanza kubabuka ganda baada ya ganda, kama kitunguu. Yale ya babu, hatua mbili kando, yalikuwa mazima kabisa.

Mama Rosa, mwenyekiti wa kamati, aliponiuliza nilimjibu bila kupepesa macho: "Mama, jiwe la machimbo yetu halina maisha. Hata lile la zamani litafuata."

Akaniamini. Na kwa kuwa aliniamini, kamati ikaitisha mkutano Alhamisi ili iamue kubomoa zahanati yote na kujenga nyingine ya matofali ya saruji. Njeru, mwenzangu wa kazi, alipita pale Jumatano akacheka.

"Dada, mawe yako yana upele. Si uyaingize ndani yapakwe dawa? Daktari yuko."

Nilicheka naye, lakini kicheko hakikunishuka. Nilijua machimbo ni yale yale ya babu. Nisichokijua ni nilipokosea, na kesho yake ukuta wa babu ungehukumiwa kwa neno langu.

Basi nikalala. Nikajikuta machimboni, jua la saa nne asubuhi. Babu alikuwa ameketi akinoa patasi, amevaa lile koti lake lililochanika kwapani. Sikushangaa kumwona, wala sikukumbuka kwamba tulimzika. Kando yake alisimama mzungu mrefu, masikio mekundu, mikono ya shati ameikunja. Sikuwahi kumwona, hata kwa picha, lakini nilimwamkia kwa jina.

"Shikamoo, Bwana Timazi."

"Marahaba, mjukuu," akaitikia, kama mtu aliyenitarajia.

Hawasemi zaidi ya hapo. Wanafanya kazi. Babu anaokota jiwe, analigeuza, ananipa. Anaokota jingine, analigeuza, ananipa. Nami nayapokea kama nilivyoyapokea miaka yote niliyofanya kazi naye, nikidhani anatafuta upande ulio mzuri kwa macho.

Kisha machimbo si machimbo tena. Ni mlima wa majani mabichi, mvua nyembamba inanyesha, kondoo wamesimama kwenye ukungu kana kwamba wamesahauliwa. Bwana Timazi ni kijana wa miaka ishirini. Yuko mbele ya ukuta wa nyumba ulioishia nusu, na anaubomoa kwa mikono yake, jiwe moja moja. Mzee mwenye masharubu meupe anamsimamia. Watu wa kijiji wamejaa njiani wanatazama.

"Hapa ni kwetu," ananiambia bila kuacha kazi. "Ukuta wangu wa kwanza. Mwalimu wangu amenibomolesha mbele ya watu wote."

"Unaona aibu?"

"Leo, ndiyo. Ukuta wa pili nitakaoujenga utaniondolea."

Natazama nyuma ya yule mzee wa masharubu, naona mzee mwingine, na nyuma yake mwingine, safu ndefu inayopanda mlima mpaka inamezwa na ukungu. Wa mbali wamevaa nguo nisizozijua. Kila mmoja anageuza jiwe na kumpa aliye mbele yake. Mawe yanashuka mkono kwa mkono, yanampitia Bwana Timazi, yanampitia babu, yananifikia mimi. Nageuka nimpe aliye nyuma yangu. Hakuna mtu. Iko pembe yangu tu, inababuka.

Hapo ndipo sauti inanitoka. "Babu, nimeharibu wapi?"

Anachota maji kwa viganja, anayamwaga juu ya jiwe, anangoja. Jiwe linapoanza kukauka, mistari myembamba inajitokeza, imebanana kama kurasa za kitabu kilichofungwa. Mistari imesimama wima. Babu analilaza jiwe kwa upole, kama anayemlaza mtoto, mistari nayo inalala.

"Hili lililala ardhini kabla ya babu wa babu yangu," anasema. "Wewe umelisimamisha kama askari wa zamu."

"Mbona hukuniambia?"

Anacheka kile kicheko chake kinachoishia kwenye kikohozi. "Nilikuwa nakugeuzia kila siku. Nikadhani unaona."

Bwana Timazi anafuta mikono kwenye suruali. Ananitazama kwa upole sana.

"Kukosea tumekosea sote watatu," anasema. "Kubomoa ni kwako."

Nikaamka kumekucha, kuku wanadonoa mlangoni. Moyo ulikuwa mwepesi, jambo lililonishangaza. Nikabeba ndoo ya maji mpaka zahanati. Nikayamwagia mawe yangu, nikangoja. Mistari yote wima. Nikayamwagia ya babu. Mistari yote imelala.

Nikueleze sasa, maana ni jambo rahisi ukishaliona. Jiwe letu liliumbika tabaka juu ya tabaka, kama chapati zilizopangwa kwenye sahani. Ukililaza, uzito wa ukuta hukandamiza tabaka zikabaki zimeshikana. Ukilisimamisha, mvua hupenya katikati ya tabaka, nazo huanguka moja moja upande wa mbele. Mimi niliyasimamisha kwa sababu yakisimama huonyesha uso mpana, na kazi huisha upesi.

Mkutano ulifanyika kwenye mabenchi ya wagonjwa. Nikasimama kabla haujaanza.

"Mama Rosa, nilikuambia mawe ni mabovu. Si kweli, ni mazima. Mimi ndiye niliyeyasimamisha."

Mama Rosa akauliza, "Kwa hiyo zahanati haina haja ya kubomolewa?"

"Pembe yangu tu, mama. Nitaibomoa mwenyewe na kuijenga upya."

"Mbele ya watu wote hawa wanaongoja dawa?"

"Mbele yao."

Kisha uso wake ukafunguka. "Basi anza leo. Benchi limewachosha, wapate cha kutazama."

Njeru alikuja na mtaimbo begani bila kuitwa. "Dada, kumbe upele ni wa fundi!" akasema kwa sauti ya kusikika mpaka dirisha la dawa, wagonjwa wakacheka, nami nikacheka, safari hii mpaka mbavu zikauma. Tukaanza kuteremsha mawe. Kila nililotaka kulirudisha ukutani nililigeuza, nikamwonyesha Njeru mistari, nikamweleza, naye akanieleza mimi kwa maneno yake mwenyewe, mpaka nikaridhika kwamba ameona.

Nawe ukipata jiwe la kujengea, fanya hivi. Limwagie maji, ungoje lianze kukauka, utafute mistari. Lilaze mpaka mistari yote ilale. Kisha, kabla hujampa mwenzako, mwambie kwa nini umeligeuza.