Vidole Visivyotoa Alama

Shule iliyotaka kuniajiri kama mpishi ilidai cheti cha polisi, kile kinachoonyesha kama una rekodi ya jinai. Nilichukua barua kwa mtendaji wa mtaa, nikapiga picha, nikaenda polisi Nyamagana kuchukuliwa alama za vidole.

Askari mmoja wa kike, mtu mzima, alinibonyeza vidole kwenye wino mara tatu. Yakatoka madoa matupu. Miaka tisa ya kupara sangara kiwandani Nyakato ilikuwa imevisugua vikawa laini.

"Basi andika sina vidole!" nilifoka.

Hakukasirika. "Mdogo wangu, alama hurudi. Kaa wiki mbili bila kugusa sabuni, paka mafuta, kisha uje."

Na vyombo nyumbani angeosha nani? Mume wangu, Msukuma wa Kisesa, alibeba masufuria akayasugua uani, wapangaji wote wakimtazama. Habari ikawafikia wajomba zake.

Niliporudi, alama zilitoka, na cheti kikaja: sina kosa lolote. Mwenye rekodi ni mume wangu. Kila kikao cha ukoo wajomba wanamsomea shitaka la masufuria, na mpaka leo hajawahi kulikana.