Kahawa Iliyoliwa Njiani

Harufu ya kahawa ya kutafuna ikinifikia, hata leo, hunipandisha hasira kabla sijajua imetoka wapi. Wengine huwakumbusha ukarimu. Kwetu Buganguzi huingii nyumba ya watu ukaketi bila kuletewa kikapu kidogo cha buni zilizochemshwa kwa majani yenye harufu nzuri, zikakaushwa juani. Unatia mbili tatu kinywani, mazungumzo yanaanza. Mimi hunikumbusha kinywa cha Patrisi, katekista wetu, kikitafuna taratibu kitu ambacho hakupewa.

Shangazi yangu, Sista Leokadia, alikuwa mmisionari huko Peru, na kigango kizima kilijivunia yeye kana kwamba kilimzaa. Kila mwezi, baada ya mafundisho ya komunyo, sisi watoto tulimwandikia barua. Nasema tuliandika, kwa kweli tulinakili. Katekista aliandika ubaoni, nasi tukafuata: sisi ni wazima, mvua ni nzuri, migomba imestawi, tunakuombea. Msimu ule ugonjwa wa mnyauko ulikuwa umekausha nusu ya migomba ya kibanja chetu, na Bibi, mama mzazi wa huyo Sista, hakuweza kuinuka kitandani bila kushikwa. Lakini ubaoni sote tulikuwa wazima.

Bibi hakujua kuandika. Kwake, kumpelekea mtu kahawa ilikuwa ni kumwita aje, na hakuona sababu ya kuongeza maneno. Basi kila siku ya barua alifunga buni chache katika kipande cha jani kavu la mgomba, akakaza kwa kamba ya mgomba huohuo, akanipa nikaweke ndani ya bahasha. “Akiziona, waitu mjukuu wangu, atajua namwita,” alisema. “Nataka anikute bado namtambua.” Hakuomba dawa, hakuomba fedha. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na yeye alitaka tu mwanawe aje.

Patrisi alipokusanya barua aliipapasa bahasha yangu, akakitoa kile kifurushi, akakifungua na kutia buni kinywani mbele yetu. “Stempu haibebi kahawa,” alisema, na wenzangu wakacheka. Mwezi uliofuata nilimwambia kwamba ni Bibi anamwita Sista. Aliacha kutafuna kidogo. Alikuwa Mhaya kama sisi. Alijua vizuri alichokuwa anakila. “Mtu aliyeitwa na Mungu haitwi tena na mama yake,” alisema, kisha akaendelea kutafuna. Nilipojaribu kuandika mwenyewe, chini ya yale maneno ya ubaoni, kwamba Bibi anaumwa sana, aliichana barua, akanichapa viganjani, nikanakili upya kwamba sisi ni wazima.

Nilimweleza Bibi, naye akakataa kuniamini. Mtu anayesoma masomo kanisani, anayezika watu padri asipofika, atakulaje mwito wa mgonjwa? Aliniambia nimeanza uongo, akafunga buni nyingine. Baba, aliyekuwa akinunua dagaa visiwani na kurudi nyumbani kwa nadra, alisikia habari hiyo akasema hatugombani na kanisa. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, lakini hawakutufundisha la kufanya pale mwenye nguo anapokataa kuikung’uta. Majibu ya Sista yalikuja, na Patrisi akayasoma kwa sauti mbele ya waumini: amefurahi kusikia nyumbani wote ni wazima. Bibi aliomba kitanda chake kigeuzwe kielekee mlangoni, aweze kuona njia. Alifariki akiwa ameuelekea mlango hivyo.

Shangazi alikuja likizo tumekwisha kumaliza matanga. Aliketi kando ya kaburi katikati ya migomba, akaniuliza, “Kwa nini Mama hakuniita?” Nikamwambia alimwita kila mwezi, nikamwambia pia ni nani aliyekuwa akiula mwito huo. Alilia mpaka nikaogopa. Kesho yake alikwenda kwa Patrisi akamsamehe, kwa kuwa kazi ya sista ndiyo hiyo. Mimi sikuitwa kwenye kazi hiyo, na sijamsamehe.

Siku hizi naishi Kagondo, Bukoba mjini. Watoto wa parokia yetu huwasalimia wamisionari kwa simu, uso kwa uso, na mgonjwa akitaka kumwona mwanawe hushikiwa simu kitandani. Huwa nasikia watu wakilalamika kwamba utamu wa barua umepotea. Wao barua zao zilifika. Patrisi naye amezeeka, anaheshimiwa, na juzi alikuja kwangu na mwaliko wa sherehe ya kushukuru utumishi wake. Nilimpa kiti, nikampa chai na ndizi, nikamwamkia kama anavyostahili mzee yeyote. Kikapu cha kahawa kilikuwa mezani, nimetoka kuwapa wageni wengine. Alinyoosha mkono. Nikakichukua, nikakipeleka jikoni, nikarudi kuketi mikono mitupu. Alisubiri kidogo, kinywa chake kikiwa hakina kitu, kisha akaaga.