Halua ya Posa

Leo daktari ameniambia kuna kivimbe kwenye kongosho langu. Kumbe ndicho kinachomwaga insulini ovyo na kunimalizia sukari mwilini hadi nalegea kama mlenda. Mimi nilidhani nimerogwa. Laiti ningelijua Ijumaa ile nilipokwenda Barani kumposea mpwa wangu, Salim!

Sikuwa nimekula tangu asubuhi. Tumbo nimeliacha wazi kwa pilau ya wakwe. Nikaachwa sebuleni peke yangu na sinia la halua niliyoipeleka, limefunikwa kawa. Desturi ni kwamba haiguswi mpaka posa ikubaliwe. Mara jasho likanitoka, mikono ikatetemeka, magoti yakaniisha nguvu. Nikachota kwa kidole kimoja. Uhai ukarudi. Nikachota tena, safari hii kwa vidole vyote.

Baba wa binti alipoingia, wallahi niliongea kama chiriku. Akafurahi, akakubali, akawaita wazee wote.

"Bismillahi, tule halua."

Akafunua kawa. Akalitazama sinia tupu, kisha ndevu zangu zilizojaa ufuta.

"Mshenga," akaniuliza kwa upole, "umekuja kuposa au kufuturu?"