Muuguzi Aliyemtazama Nyanya

Mwezi uliopita nilikuwa kwenye foleni ya zahanati moja karibu na Sironga. Mbele yangu nyanya mmoja alikuwa amemleta mjukuu mwenye kikohozi. Muuguzi alimpima mtoto, akampa dawa, kisha akamshika nyanya mkono.

"Mama, keti. Sasa ni zamu yako."

"Mimi si mgonjwa, sista. Nimeleta mtoto tu, na nimeacha majani chai shambani."

"Tangu uingie umeshika ukuta mara mbili."

Akampima presha, ikawa juu sana. Alimwanzishia dawa papo hapo na kumwagiza arudi kila wiki.

Jana nilimkuta nyanya sokoni Birongo, anatembea vizuri.

"Yule sista ana macho," aliniambia.

Nami nimetibiwa miaka mingi na watu waliosoma kadi yangu bila kunitazama usoni.