Gesi Tuliyoitia Mtungini

Baba alikuwa fundi wa friji hapa Malindi, na kila friji aliyoifungua aliianza vilevile: "Bismillahi," kisha spana, kisha gesi ikaachiwa iende zake. Ssss! Mimi nilimmulikia tochi na kunyamaza. Nilikuwa nimemaliza shule na spana ile naitamani vibaya sana, lakini baba alikuwa amekwisha kukubaliana na shangazi nikajifunze kushona.

Mwaka wa themanini na saba, katika habari za saa saba mchana, redio ikasema mataifa yamekutana Kanada yakatia saini mkataba. Gesi za friji zinalila tabaka la ozoni linalotukinga na ukali wa jua, kwa hiyo zipunguzwe. Niliruka! Gesi yetu, ya kibanda chetu cha mabati, imetajwa mbele ya ulimwengu!

"Hao wataka kunizibia riziki," baba akasema. "Na wewe wafurahia?"

"Si lazima tuimwage, baba. Twaweza kuikamata."

"Kuikamata! Kwani ni kuku?" Akacheka, kisha akakasirika. "Haya. Ukiikamata, friji ijayo waifungua wewe. Ukishindwa, Jumatatu uko kwa shangazi yako, na nisisikie neno."

Iliyokuwapo ilikuwa friza ya mama mmoja muuza samaki, mashine yake imekufa. Tuliisukuma juani. Mtungi mtupu niliupima kwa mizani yake ya samaki, nikatia chaki pale mshale uliposimama, kisha nikauzamisha katika ndoo ya barafu. Nilikumbuka somo la sayansi: gesi itokayo penye joto ikafika penye baridi hugeuka maji, ikakaa. Baba akaunga mpira kutoka friza hadi mtungini, shingo upande, akafungua.

Hapakuwa na ssss. Hapakuwa na chochote! Barafu iliyeyuka, baba akatazama saa, akatazama tena. Nilianza kuiona cherehani ya shangazi.

Hatimaye baba akafunga. Niliupangusa mtungi ukakauka kabisa, nikauangika kwenye ndoana ya mizani. Mshale ukapanda, ukafika kwenye chaki, ukaipita! Nilipiga ukelele, na yule mama akapiga kigelegele ingawa friza yake ilikuwa bado haijapona. Baba akauteremsha mtungi, akaupangusa kwa kanzu yake mwenyewe, akaupima upya. Mshale ukasimama palepale. Kisha akaenda kunawa mikono.

Jumatatu ililetwa friji ya hoteli. Sikujua niende kwa shangazi au nibaki, nikasimama mlangoni nimevaa buibui la kutokea. Baba aliagiza barafu kwanza. Kisha akaniwekea spana mkononi, akaokota tochi, akaja kusimama nyuma yangu kunimulikia, kimya.

"Bismillahi," nikasema.