Kidole Safi, Moyo Safi

Mafuta ya taa ikichanganywa na jivu iko na harufu yake. Si mbaya sana. Inanuka kama nyumba ilitaka kuungua halafu ikaghairi. Hiyo ndiyo harufu ya shule kwangu. Wengine wakikumbuka shule wanakumbuka chaki na vitabu. Mimi nakumbuka mafuta ya taa, kwa sababu kila asubuhi mama alikuwa ananisugua nayo vidole kabla sijaenda, na vidole bado vinabaki vyeusi. Kama hujawahi kuchuma chai, wewe unaona tu kijani nzuri ya kupiga picha. Kuja uchume, tuone. Yale maji ya majani yanaingia kwa kidole, yanakauka, yanageuka meusi kama mgongo wa sufuria. Hayajui sabuni. Yanatoka tu ukiacha kuchuma, na kwetu hapa juu ya Sosiot ni nani alikuwa anaacha kuchuma? Asubuhi kabla ya shule tuko kwa chai, Jumamosi tuko kwa chai, umande umetulowesha mpaka kiunoni, na kikapu kinatuvuta shingo nyuma.

Nilisoma muhula mmoja. Usicheke. Ama cheka tu, mimi pia huwa nacheka. Hii maneno inaandikwa na mama ya mjukuu wangu Chebet, bibi ya kijana wangu, na nimemwambia asinitengenezee Kiswahili. Akiandika kizuri sana watu watajua si mimi.

Baba yangu hakutaka niende. Alikuwa mtu mrefu, anaongea polepole kama anahesabu ng'ombe zikiingia boma. "Msichana... anasoma... nini? Ng'ombe... itamuuliza... kitabu?" Mama alimsumbua, akamsumbua, mpaka mzee akachoka kusumbuliwa. Akasema sawa, niende. Lakini akasema pia, na mama alisikia na mimi nikasikia, kwamba siku mwalimu atanirudisha nyumbani kwa kosa lolote, hiyo siku ndiyo mwisho. Hakuna kuombea. Nitarudi kwa ndama na ndama watanisomesha. Kwa hivyo nilienda shule kama mtu anayebeba yai kwa kijiko. Kufukuzwa mara moja tu, imeisha.

Mwalimu wetu tulimwita Filimbi. Filimbi ilikuwa inakaa shingoni mwake hata akiwa kanisani. Alikuwa anavaa soksi nyeupe mpaka kwa magoti, na kwa matope yetu haya sijui alikuwa anatembea kwa hewa ama nini. Somo lake alilopenda kushinda yote lilikuwa afya na mazoezi. Asubuhi anatupanga uwanjani, anapita mbele yetu mikono nyuma, halafu anasema kwa pua, hivi: "Onyeshaaa mikono! Kidole safi..." Na sisi tunajibu kwa nguvu, "Moyo safi!" "Kidole chafu..." "Moyo chafu!" Kwao Filimbi hakukuwa na chai. Alitoka upande wa jua kali, huko chai wanaiona tu kwa kikombe. Sasa akiona vidole vyangu alikuwa anaona uchafu wa mtu asiyeoga. Hakuna mtu alimwambia ni chai. Nani angemwambia? Wazazi wetu walikuwa wanamwogopa kuliko sisi, na walikuwa wanamletea maziwa.

Wenye vidole vyeusi alituita kunguru. Wasafi wanasimama duara, wanashikana mikono, wanaimba. Sisi kunguru tunakimbia nje ya duara tukipiga mabawa, na lazima tulie kaa! kaa! mpaka apige filimbi. Na alikuwa anachelewa kupiga. Ukianguka unaamka na unalia kaa. Alisema anatufunza aibu, ati mtoto akijua aibu mapema atakuwa mtu mzuri. Basi mimi ningekuwa malaika kufikia sasa.

Lakini Filimbi si kitu. Mtu mzima akiwa mkali unamzoea kama baridi ya Julai. Ni watoto. Siku zingine Filimbi anachoka na kunguru wake, anasema, "Ingieni kwa duara, mshikane." Ukiingia hakuna mkono. Unanyoosha wako huku, mwenye huku anajikuna kichwa. Unanyoosha kule, mwenye kule amekumbuka kufunga kifungo. Nilikuwa na rafiki, Akoth, watu wao walitoka upande wa ziwa na baba yake alikuwa anafanya kazi kiwandani. Walikaa kwa nyumba za kambi, hawakuwa na shamba, kwa hivyo vidole vyake vilikuwa safi kama vya padri. Tulikuwa tunarudi nyumbani pamoja, tunakula guava moja, yeye anauma huku na mimi kule. Lakini tukiwa kwa duara Akoth alikuwa anavuta mkono wa sweta, anaufunika mkono wake mpaka kwa vidole, halafu ndiyo ananishika. Sweta ya kijani, ya sufu, imetoboka hapa. Nilishika hiyo sweta muhula mzima. Mkono wa Akoth sijawahi kuushika.

Kitu kimoja tu kilinisaidia, na ni huu mdomo. Nyuma ya choo wakati wa mapumziko nilikuwa namfanya Filimbi: pua, soksi, mikono nyuma. "Onyeshaaa mikono!" Hata wasafi walikuja. Walicheka mpaka wengine wakajikojolea. Nilimfanya baba akihesabu ng'ombe, nikamfanya mama ya Akoth akiita watoto wake, "Aii, nyathina, mtoto wangu! Unataka kuniua leo ama kesho?" Akoth mwenyewe alikuwa ananiangukia begani kwa kicheko. Kwa bega. Na sweta.

Halafu tukaambiwa mkaguzi anakuja. Filimbi alikonda hiyo wiki. Kungekuwa na mazoezi mbele ya mgeni, na mwisho kuvuta kamba, wasichana wa huku na wasichana wa kule. Akasimama mbele ya sisi kunguru, akatuangalia mmoja mmoja. "Atakayekuja na kidole cheusi, aende kwao na asirudi tena." Nilifika nyumbani nikamwambia mama nikiwa mlangoni, kabla hata sijaweka kitabu chini. Baba alikuwa anachonga mpini pale nje. Aliendelea kuchonga, lakini nilimwona ameangalia upande wa ndama.

Mama alifikiria kama mama wa Kipsigis. Sasa nisikilize, hapa ndipo mahali. Sisi kibuyu cha maziwa tunakisafisha na ufito wa mtende, ncha yake imepondwa ikakuwa kama brashi. Unasugua ndani, unasugua, unasugua, mpaka uchafu wote wa zamani utoke, ndiyo mursik, maziwa yetu ya kugandisha, ikae vizuri. Hakuna uchafu unaoshinda huo ufito. Kwa hivyo Jumapili baada ya kanisa mama alienda kwa mama ya Akoth, akapewa unga fulani mweupe wa kufulia nguo nzito, akachanganya na jivu kwa karai. Akanikalisha kwa kigoda, akashika mkono wangu katikati ya magoti yake, akachukua ufito wa kibuyu. Alinisugua kama anasafisha kibuyu. Kidole kwa kidole, na katikati ya vidole. Nikalia. Mama akasema, "Nyamaza. Kibuyu kikilia hivyo, tungekunywa maziwa?" Nikalia zaidi, akasugua zaidi, na nilikuwa naona machozi yake yakianguka kwa hiyo karai na mkono wake haupunguzi. Tulipomaliza vidole vyangu vilikuwa vyekundu-vyeupe, kama watoto wa panya. Hata baba alikuja kuangalia. Akasema, "Hm."

Siku ya mgeni Filimbi alipita kwa mstari, akafika kwangu, akasimama. Aligeuza mikono yangu huku na huku. Alifurahi! Akamwita mkaguzi, mtu mnene wa miwani. "Bwana mkaguzi, huyu alikuwa mchafu kushinda wote. Tazama sasa." Mkaguzi akatazama, akasema vizuri, vizuri. Na Filimbi, kwa ile furaha, akaniweka mbele kabisa kwa kamba. Akoth nyuma yangu, wengine nyuma ya Akoth. Kamba ilikuwa ya katani mpya. Unajua katani mpya? Iko na meno.

Filimbi akapuliza. Tukavuta. Mara ya kwanza nilifikiri nimeshika moto. Ile ngozi mama alikuwa ameacha ilibaki kwa kamba. Nilivuta hivyo hivyo, wallahi nilivuta, nikasikia Akoth akipumua kwa shingo yangu, "Vuta, vuta, Chepkoech!" Upande ule walikuwa wameanza kuteleza, tulikuwa tunashinda. Halafu mikono ikaachilia. Si mimi, ni mikono. Wale wengine wakaivuta kamba kama nyoka, na sisi wote tukaanguka kwa matope, mmoja juu ya mwingine, Akoth uso kwanza. Akaamka, matope mpaka kwa meno. Yeye ndiye alisema wa kwanza. "Kunguru ni kunguru!" Na wengine wakaanza: kaa! kaa! kaa!

Filimbi akaja mbio. Soksi moja imeshuka. "Kwa nini umeachilia?" Nikamwinulia mikono yangu, aone. Damu ilikuwa inashuka mpaka hapa kwa kiwiko. Hakuiangalia. Aliangalia kamba. Akasema, "Umechafua kamba."

Mkaguzi alikuwa anatungojea, kalamu juu. Mimi nilifungua mdomo niseme naumia. Hilo tu ndilo nilitaka kusema, mwalimu, naumia. Lakini neno lililotoka halikuwa langu. Lilitoka kwa pua, refu, na mikono yangu ya damu ikaenda nyuma ya mgongo yenyewe. "Onyeshaaa mikono! Kidole safi..."

Na shule nzima, kwa vile ilikuwa imefundishwa, ikajibu kabla haijajua inajibu nani: "Moyo safi!"

Mkaguzi alicheka mpaka akatoa miwani. Walimu wengine waligeuka wakaangalia ukuta, mabega yanatingishika. Filimbi hakucheka. Alipuliza filimbi, kwa nini sijui, hakukuwa na mchezo wa kusimamisha. Halafu akanionyesha barabara na kidole. Kidole safi kabisa.

Nilipofika baba alikuwa kwa mlango wa boma. Hakuuliza. Mtoto akirudi saa hiyo na jua liko juu, unauliza nini? Alinipatia kamba ya ndama. Kamba tena, na ile ile mikono. Mama alikuwa kwa chai. Aliniona kutoka kule juu, akasimama kidogo, akainama tena akaendelea kuchuma.

Sasa tuje leo. Muhula uliopita mjukuu wangu Chebet, anayeniita Kogo, nyanya kwa Kipsigis, alitoka shule akaniambia, "Kogo, mwalimu anataka nyanya mmoja akuje kwa somo la mazoezi, atufundishe michezo ya zamani. Nimesema ni wewe, kwa sababu wewe unachekesha." Nikaoga, nikavaa leso mpya, nikaenda. Uwanja ni ule ule, wameongeza tu nyasi. Mwalimu ni msichana mdogo, amevaa suruali ya michezo, sauti yake ni kama anaongea na mtu aliyelala. "Watotooo. Mwili wangu unajisikiaje leo? Na moyo wangu unajisikiaje?" Mimi nilitaka kucheka. Moyo! Halafu mtoto mmoja akasema, "Moyo wangu umekasirika, mwalimu," na mwalimu akasema, "Asante kwa kutuambia," na hakuna mtu alimpiga. Kicheko kikaniishia. Nilisimama pale na leso yangu nikasikia wivu, wivu mkali, mzee kama mimi, kumwonea wivu mtoto wa darasa la tatu.

Mwalimu akasema tutengeneze duara, tushikane mikono, kila mtu amwambie jirani yake kitu kizuri. Chebet alikuwa amesimama karibu na mtoto fulani mwembamba, wa mama mmoja anayechumia watu chai hapa chini. Nilijua hata bila kuuliza, niliona vidole. Vyeusi. Na nikaona Chebet, damu yangu, anavuta mkono wa sweta polepole, anaufunika mkono wake mpaka kwa vidole, halafu ananyoosha. Akamwambia yule mtoto, na sauti tamu kabisa ya mwalimu, "Wewe ni rafiki mzuri." Mwalimu hakuona. Alikuwa upande ule, anauliza moyo wa mtu mwingine.

Hapa mama yake Chebet ameacha kuandika, ananiangalia. Andika, mama. Mimi sikumfundisha na wewe hukumfundisha. Hakuna mtu hufundishwa hiyo.

Nilivunja duara nikaingia katikati yao. Mkono wa kushoto nikashika yule mdogo, akaangalia mkono wangu, akaangalia wake. Wa kulia nikamnyooshea Chebet. Mweusi, umekunjamana, miaka yote hiyo ya chai. Sweta yake bado imefunika vidole. Watoto wakaanza kutuangalia. Mwalimu akaona tumesimama, akakuja na ile sauti yake ya usingizi. "Kogo, na wewe? Unajisikiaje leo?"

Nilikuwa na sauti zote kwa mdomo, za watu wote niliojua, na yote ilikuwa tayari kumchekesha. Nikameza. Nikamwambia na hii yangu, "Nangojea mkono, mwalimu."

Chebet aliinama akaangalia viatu vyake. Alitoa vidole viwili kutoka kwa sweta. Viwili tu, tena ncha peke yake. Nikavishika vile tunavyoshika majani mawili na chipukizi tukichuma chai, na sikuachilia.