Mapazia Yametangulia

Alhamisi nilikuwa kwa dalali wa nyumba hapa ugenini, mjini Malvern, nikingoja zamu yangu na kujifanya naielewa karatasi niliyopewa. Mbele yangu alikaa mama mmoja Mkenya na mumewe, mfuko wa mapazia mapya mapajani.

"Mwenye nyumba alikubali bei yetu tangu Machi," mama alisema. "Tulikunywa chai kwake, pasta wetu akaiombea nyumba mpaka gereji. Fleti yetu tumeshatoa notisi, tunahama mwisho wa mwezi. Sasa shida ni gani?"

Dalali alifuta miwani kwa tai. "Mama, yule anauza kwa bei iliyo chini ya deni la nyumba analodaiwa na benki. Lazima benki nayo ikubali. Nilikwambia."

"Uliniambia wiki mbili!"

"Sasa benki inasema fomu zimekaa sana. Tutume upya."

"Zimekaa kwa nani? Si kwao?" Mume alimgusa kiwiko, naye akausukuma ule mkono. "Huyo mtu wa benki anaishi wapi? Nimpelekee mandazi tuongee."

"Si mtu, mama. Ni idara."

"Idara haina mama yake?"

Nilicheka, kisha nikaona aibu. Nimezunguka nchi nyingi, na kila mpaka niliuvuka kwa kumtafuta binadamu nyuma ya dirisha nikamsalimia. Hapa hata dirisha lenyewe sijaliona.

Mama alisaini upya kurasa zote, kisha akamsukumia dalali ule mfuko.

"Haya mapazia tuma pamoja na fomu," akasema. "Wajue kuna watu."